Risaga ya Seva

Mtandao wetu hauna tajiri. Wengine wakifungua simu wanakutana na matangazo ya mikopo. Sisi tunakutana wenyewe, watu wa Nkende, Nyamongo na Mugumu. Maneno, sauti na picha zetu zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta tunayoikodi huko ng'ambo, nayo inaongea na seva za vikundi vingine duniani. Mimi niliyeishia kidato cha pili ndiye ninayeitunza, nikiwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Mshahara hakuna, na wala siutafuti.

Masika yale kodi ya seva ilitushinda. Niliandika tangazo la kuomba michango, nikalipamba kweli kweli. Watu wakalijaza vidole gumba na mioyo, basi. Nikawatangazia kwamba mwisho wa mwezi tunazimwa. Muuguzi mmoja aliyehamishiwa Mugumu kutoka Lindi, asiye na ndugu huku, akaniandikia: "Mdogo wangu, mkizima, nikitoka zamu nitaongea na nani?"

Jioni nilisukuma sahani pembeni, nikarudia kusoma ujumbe ule. Mama akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akashangaa kwamba naomba hela kwa watu ambao hela hawana, wakati mikono wanayo.

"Ita risaga," akasema.

Risaga kwetu Wakurya ni majirani kulima pamoja shamba la mmoja wao. Mimi shamba sina, kwa hiyo nikamwendea mama lishe mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa yamemezwa na magugu. Akakubali kutulipa palizi, na malipo yote yaende kwenye seva.

Walikuja, jamani! Wengi walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana, wakawa wanatambuana kwa sauti. Muuguzi alishuka kwenye basi na jembe jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Mzee mmoja mfugaji, ambaye mtandaoni huweka picha za ng'ombe wake tu, alimtazama akilima, kisha akamwambia taratibu: "Binti yangu, hayo unayong'oa ndiyo mahindi."

Tulimaliza, tukala ugali aliotupikia mama yangu, na kodi ikapatikana. Nikasimama kushukuru, nikidhani mambo yameisha. Mzee akanawa mikono.

"Sasa kwangu mnakuja lini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Aliyelimiwa kwa risaga naye huenda kuwalimia wenzake. Nikajitetea kwamba tumeisaidia seva, na seva haina mikono.

"Wewe unayo," akajibu. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo Jumamosi nafunga kibanda, nabeba jembe. Nimepalilia kwa mzee, nimepalilia kwa walimu, na kila mahali wenzangu wananifuata bila kuitwa. Kodi ikikaribia tunatafuta shamba la kulipwa. Sijaomba mchango tena, na seva haijazimwa hata siku moja. Naota tupate ya pili.

Zamu ya kumlimia muuguzi ilipofika, alisema kwa aibu kwamba ana tuta moja tu la mchicha, nyuma ya chumba alichopanga. Tukaenda wote Mugumu, majembe begani. Palizi iliisha kabla chai haijachemka. Hakuna aliyeondoka.