Namba ya Kwenye Nguzo

Harufu ya mgomba uliotoka kukatwakatwa, ikichanganyika na ya samadi mbichi, hunirudisha moja kwa moja kwenye zizi la bibi, nje kidogo ya Tengeru. Likizo ile nilikuwa darasa la saba na mtihani ulikuwa umekaribia. Kila asubuhi nilikata majani ya ng'ombe mpaka jua likawa kali, na muda wa kusoma ukaishia shambani. Binamu yangu Joeli, mwanafunzi wa sekondari aliyekuja kutoka Lemara, alikaa kivulini akila ndizi za kuchoma. Kwa bibi, mgeni hashiki mundu.

Joeli alipenda hesabu, na ndiye aliyenifundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Siku moja alinyoosha kidole kwenye nguzo ya umeme kando ya zizi, iliyoandikwa 9991 kwa rangi nyeupe.

"Ile ni tasa," alisema. "Nimeijaribu tangu jana."

"Umejaribu mpaka ngapi, kaka?"

"Mpaka themanini na tisa. Wewe wa shule ya msingi unataka nini zaidi?"

Nikamwambia nikipata kigawo, majani atakata yeye mpaka likizo iishe. Alicheka. "Na usipopata, utanifulia nguo zote, hata soksi."

Nilichukua mkaa nikauelekea ukuta wa zizi. Yeye mwenyewe alikuwa amenieleza kwamba mia mara mia ni elfu kumi. Kwa hiyo namba iliyo chini ya hapo, kama si tasa, lazima iwe na kigawo tasa kilicho chini ya mia. Baada ya themanini na tisa, namba tasa iliyobaki chini ya mia ni moja tu. Niligawanya kwa tisini na saba. Ikatoka mia na tatu, bila baki. Nikazidisha kuhakiki, ikarudi ileile.

Joeli aliifuata hesabu ukutani kwa kidole mpaka mwisho. "Basi soksi nitafua mwenyewe," alisema. Bibi, aliyekuwa akikamua, aliuliza tunabishania nini. Nilipomweleza, aliinuka akamletea Joeli mundu. "Mjukuu wangu, ugeni umekwisha. Anzia kule bondeni."

Nilisoma asubuhi zote zilizobaki. Hesabu za baadaye nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na humo nikaona kwamba 9991 ni mia mara mia kutoa tatu mara tatu, ndiyo maana vigawo vyake vimesimama sawasawa pande mbili za mia. Siku hizi simu hulijibu swali kama lile kabla hujameza mate. Mimi bado natumia kalamu. Zizi sasa ni langu, na Joeli, mwenye mvi, bado hunitumia namba. Wiki iliyopita alileta 10007: "Hii inagawanyika, mdogo wangu. Bisha."

Nilipita themanini na tisa, nikafika tisini na saba. Baki lilikuwepo, na tasa inayofuata, mia na moja, ikizidishwa kwa yenyewe tayari inaipita 10007. Nikamjibu, "Ni tasa. Nimefika mwisho."

Jumamosi alipokuja, alikipita kivuli bila kukaa, akautoa mundu pale unapokaa siku zote.