Niliandika Oili Nyepesi kwa Jina la Halima

Admin, kabla hujaweka haya kwenye ukurasa wako, nakuomba sana unifichie jina, picha, hata saa niliyotuma. Na wewe unayesoma, ukihisi umenijua, tafadhali baki nayo moyoni. Nitapoteza kazi, na kuna mtu mmoja ninayefanya kazi naye kila siku ambaye sijui nitamtazamaje usoni.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na tano, nina diploma, na ni karani katika duka la oili na vipuri vya magari hapa kisiwani Mombasa, upande wa Makupa. Kwa miaka miwili, mteja akija na gari kongwe, mwenye duka alikuwa akisema, "Muulizeni karani." Nafungua kitabu cha gari, nasoma kilomita, nauliza maswali yangu, kisha nasema oili ipi itiwe. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine.

Kisha akaja binti nitakayemwita Halima, ingawa silo jina lake. Hana diploma. Amekulia kwenye gereji ya babake karibu na Mji wa Kale. Kitabu hagusi. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone kwa vidole viwili, akamuuliza mwenye gari, "Asubuhi ukiliwasha latoa moshi? Hapo unapoegesha hapana doa chini?" Basi. Akishajibiwa huniitia kutoka nje, "Kaka, nzito!" au "Kaka, nyepesi!" Nami naandika kadi ya gari: aina ya oili, kilomita, na jina la aliyechagua. Jina lake, kadi baada ya kadi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Haikupita miezi mitatu wateja wakaacha kuniuliza. "Yuwapi yule binti?" Nikisema amekwenda kuswali, wanajibu, "Basi twamngoja." Na mimi nimesimama pale, mzima, kalamu mkononi. Mafundi nao wakapata la kusema: "Karani, kitabu chako kimeingia kutu?" Nilicheka nao, lakini chakula cha mchana nilikwenda kula peke yangu stoo.

Aliyenimaliza ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kizingo. Huyo alikuwa mteja wangu. Gari lake limepita kilomita laki tatu, na siku zote ni mimi niliyelichagulia oili nzito. Siku hiyo alinipungia mkono tu, akapita kaunta moja kwa moja hadi kwa Halima. Nikawasikia wakicheka. Halima akaita, "Kaka, nzito! Sili za injini zimechoka, nyepesi itavuja."

Nilisikia vizuri sana. Nikampa fundi nyepesi, nikaandika nyepesi, na chini yake nikaandika Halima. Nilijiambia kwamba kitabu kinasema nyepesi. Ni kweli, lakini kinasema hivyo kwa gari jipya, na hakuna aliyelijua hilo vizuri pale dukani kuliko mimi. Nilitaka livuje kidogo tu, mwalimu arudi akilalamika, aseme afadhali karani.

Hakurudi. Oili ilivuja na kuungua polepole, naye hana mazoea ya kupima. Wiki iliyopita gari lililetwa likivutwa kwa kamba, mwalimu mwenyewe kwenye usukani, injini imegonga hadi ikazimika, na fundi akasema lazima ifunguliwe. Mwenye duka akaitisha kadi.

"Mimi nilisema nzito," Halima akasema.

"Kadi yasema nyepesi, na jina ni lako."

Akanigeukia mbele ya watu wote. "Kaka, wewe ulinisikia. Nilisema nini?"

Nikajibu, "Niliandika nilichosikia."

Akaichukua kadi akaisoma, machozi yakimlenga. "Basi labda ulimi uliteleza. Niwie radhi, mwalimu."

Sasa mjue nilivyo. Mwalimu, ambaye gari lake limekufa, alimshika bega akamwambia, "Usilie, mwanangu. Hata mimi nimesahihisha vibaya mitihani ya watoto wa watu." Na mimi niliyesema uongo nilisimama pale nikimwonea Halima wivu kwa ile huruma. Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kunishika bega katika duka lile.

Mwenye duka amesema Jumamosi Halima arudishe koti la kazi, aende zake. Tangu siku hiyo haniitii tena kutoka nje. Anasugua oili, anasita, kisha anakuja kaunta na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Kitabu chasemaje, kaka?" Hicho ndicho nilichokitaka. Kila akiniuliza namsomea ukurasa bila kumtazama.

Nikisema kweli, nitakayeondoka ni mimi, na hakuna duka la oili hapa Mombasa litakalomchukua karani aliyebadilisha kadi. Nikinyamaza, binti wa watu ataamini maisha yake yote kwamba hajui kazi aliyofundishwa na babake. Nishaurini, nifanye nini? Nianze kwa Halima, kwa mwalimu, au kwa mwenye duka?

Nijibuni hapa chini kwenye maoni. Anzeni na neno "karani" nami nitajua ni langu, ila msitaje duka. Msimwombe Admin namba yangu, kwa sababu simu yangu hukaa kaunta na Halima ndiye huipokea nikiwa stoo. Mwenye maneno marefu ampe Admin, nitayasoma saa saba mchana tunapofunga kwa chakula. Lakini andikeni kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo ushauri wenu utanikuta mimi dukani, yeye hautamkuta.