Shemeji Hakutaka Kumsema Jirani

Dada yangu anashona sare za shule, na mtaa mzima unamwita Sindano, si kwa sababu ya cherehani bali kwa ulimi wake. Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Fundi viatu, mpole hadi anakera. Mteja akimrudishia kiatu alichokichana mwenyewe, shemeji ndiye anayeomba radhi. Nilikuwa namtania kwamba hata mwizi angemkaribisha kiti. Alikuwa anacheka tu.

Balaa lilianza jirani alipogeuza uwanja wake kuwa gereji ya kupiga rangi magari. Ukuta unaotutenganisha hauzidi kimo cha mtu. Kompresa ikinguruma, ukungu wa rangi unavuka kwetu: unatua kwenye mashati meupe ya watoto wa watu, kwenye ndoo za maji, kwenye unga ukisahau kuufunika. Dada akawa anafua mashati ambayo hayajavaliwa na mtu. Hayo tungeyavumilia. Lakini shemeji alikuwa na kifua tangu ujana, na sasa alishinda kitandani ameshika magoti, anatafuta pumzi. Daktari alisema wazi: rangi ile isipokoma, mapafu yake hayatahimili.

Dada alimwendea jirani kwa upole, kisha kwa ukali. Jirani akamjibu, "Wewe mama kila siku una neno. Mbona mzee mwenyewe yuko kimya?"

Tukaenda ofisi ya kata. Huko tulipigwa danadana mpaka basi: bwana afya yuko kikaoni, bwana afya kaenda semina, gari la ofisi halina mafuta. Mimi nilitamani kuipindua ile meza yao. Dada alihamia kwenye benchi lao na vifungo vyake, akawa anashonea pale pale, mpaka bwana afya akaona aibu akaja.

Na alikuja na nani? Na jirani huyo huyo, eti tuyamalize kindugu. Wakaketi sebuleni. Shemeji akajikokota kutoka kitandani, kavaa shati safi, kachana nywele. Dada alikuwa jikoni anatia chai, mimi nimesimama mlangoni. Bwana afya akauliza, "Mzee, huyu jirani yako anakusumbua?"

Shemeji alimtazama jirani. Mtu ni mgeni wake, kaketi kwenye kiti chake, anangoja chai yake. Akakimeza kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

"Aa, hatuna neno," akasema. "Tunaishi vizuri tu."

Dada alitokea na sinia mkononi, akayasikia. "Huyu mtu anakufa," akamwambia bwana afya.

"Mama, mwenye kifua amekwisha sema." Akanywa chai yake, akaaga, na huo ukawa mwisho wa malalamiko yetu.

Walipotoka nilishindwa kujizuia. "Shemeji, huko ndiko kufa na tai shingoni."

"Ulitaka nimkatie mtu riziki," akavuta pumzi, "naye kakaa nyumbani kwangu?"

Nilimpenda yule mtu, na siku ile nilitamani kumzaba kibao.

Alifariki kabla ya mvua kuanza, asubuhi, kompresa inanguruma. Jirani alipopata habari aliizima, akafunga gereji, akaleta viti na turubai, akabeba jeneza. Alilia kweli kweli, sitamsingizia. Gereji ilipofungwa, hewa ya uani ikawa safi, na waombolezaji wakakaa pale wakipumua vizuri.

Baada ya mazishi jirani akamfuata dada. "Mzee angeniambia mwenyewe, ningehama."

"Utafungua lini?" dada akamuuliza.

"Jumatatu, dada. Watu wanayataka magari yao."

Dada akakohoa. Alikohoa kwa muda, kashika ukuta, na jirani akainamisha kichwa. Kisha dada akanigeukia.

"Nenda kamwite bwana afya," akasema. "Mwambie mgonjwa sasa ni mimi, na mimi adabu hizo sina."