Milango Iliyouzwa kwa Gunia

Saa mbili asubuhi, kabla jiko halijawashwa, mwanamke mmoja amechutama mbele ya gunia la makaa lililo wazi. Anachukua vipande viwili na kuvigonganisha karibu na sikio. Vinalia kama kigae. Anavitia kwenye karai. Kinachofuata kinatoa sauti butu. Anakinusa, anakitupa pembeni.

"Hiki hakikuiva," anasema. "Nikikiweka jikoni kitatoa moshi wa kukuliza, na nyama itakuwa chungu."

Wateja humwita Shangazi. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na mmoja amechoma kuku na nyama katika kibanda kilicho nyuma ya gereji. Mumewe alipofariki, kibanda hicho ndicho kilichosomesha mabinti zake watatu.

Nyama ya kuchoma huitafutia makaa ya mti mgumu, mazito, yanayokaa na moto. Ya kukausha kwa moshi huiwekea makaa machache yaliyokwisha kuvaa jivu, na juu yake kipande cha mpera mkavu.

"Moto ukila uchafu, nyama nayo imekula," anasema. "Na nyama unaila wewe."

Mwaka jana, wakati wa mvua, uchafu ulimfikia. Makaa yaliadimika. Mwenye bohari ya makaa, anayejulikana kwa jina la Bosi, akaanza kuuza magunia yaliyoshonwa mdomo. Ukifungua, umenunua.

Shangazi alinunua mawili bila kuyaona ndani. "Nilijua nakosea," anakiri. "Lakini nyama ilishakatwa, na mwenye shida hachagui."

Mchana huo mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, alitafuna mara mbili akasukuma sahani. "Shangazi, nyama inanuka rangi; leo umetuchomea mlango?"

Watu wakacheka. Kufikia jioni hakuna aliyecheka. Wateja saba walitapika, na mwalimu akalazwa hospitali siku mbili.

Kesho yake bwana afya alikuja na kufuli.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, kagua na makaa.' Akanijibu, 'Mama, mimi nakagua chakula, sikagui makaa.'" Shangazi anapiga goti lake kwa kiganja. "Kwani hicho chakula kilijichoma chenyewe?"

Alirudi nyumbani na ndoo ya majivu, akayachekecha sakafuni. Zikatoka skrubu, misumari na bawaba nzima ya mlango. Katika gunia la pili, ambalo alikuwa hajalitumia, akakuta vipande vyenye ganda la rangi ya buluu. Mbao chakavu za milango na makabati zilikuwa zimechomwa zikawa makaa, zikafichwa chini ya makaa mazuri.

Alimpelekea Bosi bawaba ile mkononi.

"Makaa ni makaa, mama," Bosi akamwambia. "Yamewaka, hayakuwaka?"

"Yamewaka. Na watu saba wametapika."

"Basi kamuulize aliyekuuzia nyama."

Shangazi alishika gunia lililokuwa karibu, akakata uzi, akalimwaga lote mbele ya wanunuzi. Misumari ikalia kwenye saruji. Bosi akapiga kelele kwamba mwanamke huyu ana wazimu, lakini wachomaji wenzake walikuwa wameshaanza kukata nyuzi za magunia yao.

Wanane kati yao waliongozana naye hadi ofisi ya afya, wakiwa na misumari ile kama ushahidi. Kibanda kikafunguliwa, baada ya siku kumi na tisa bila senti.

Na Bosi? Alipewa onyo la mdomo. Bohari haikufungwa hata saa moja.

"Mimi niliyedanganywa nilifungiwa, yeye aliyedanganya akashauriwa!" Sauti ya Shangazi inapanda hadi fundi wa gereji anachungulia. Kisha inashuka. "Mwalimu nilimpelekea uji hospitali, nikamwomba radhi. Alisema yameisha. Lakini hajarudi kula. Anapita, ananisalimu, anaenda zake."

Sasa yeye na wenzake wanane hununua kwa mchoma makaa mmoja wa nje ya mji, ambaye huwaonyesha magogo kabla ya kufukia tanuri. Wanapanga kufungua bohari yao mwezi ujao, na gunia lililoshonwa halitaingia humo.

Hata hivyo, anasema, hiyo itawaokoa wao tu. Anataka makaa ya kupikia yakaguliwe kila yanapouzwa. Wameandikia ofisi ya afya barua mbili, hazijajibiwa.

"Ya tatu naipeleka mwenyewe, Jumatatu," anasema, akifuta mikono kwenye kanga. "Naenda na jiko langu, na yale makaa ya buluu bado ninayo. Nitayawasha chini ya dirisha lao, nikae nisubiri jibu."