Mdogo wangu ameigeuza eda yangu kuwa filamu

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku kwetu tunajuana mpaka mbuzi. Nina miaka 34, ni mjane mwenye watoto wawili, naishi Nandagala, Ruangwa, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Mume wangu alifariki kwa ajali ya pikipiki akienda kupulizia dawa mikorosho. Asubuhi ile tuligombana kwa jambo la kipuuzi, na neno langu la mwisho kwake lilikuwa, "Nenda, na usirudi." Kweli hakurudi.

Nilipokaa eda, mdogo wangu wa damu anayesomea filamu Dar alikuja kukaa nami. Miezi minne na siku kumi sitoki, simuoni mtu, ndiye pekee niliyemwambia neno lile. Aliniona kila siku naanika uani gambuti za marehemu, buti zake za mpira za shambani, kisha nazirudisha ndani. Nilidhani analia na mimi, kumbe mwenzangu anaandika.

Mwezi uliopita akatualika Nachingwea kuangalia filamu yake ya kwanza. Nikaenda na mama mkwe, najivuna kweli. Filamu yenyewe kimya, mwanamke yuko ndani peke yake tu, mpaka watu ukumbini wakaanza kunong'ona, "Mbona haongei?" Kisha yule mwanamke akatoa gambuti, akazianika. Mama mkwe akanishika mkono huku machozi yanamtoka. "Mwanangu, huyu si ni wewe?" Yule mwanamke akazitazama gambuti akasema, "Nilimwambia nenda, na usirudi."

Mama mkwe akauachia mkono wangu.

Nilimfuata mdogo wangu nje kwa hasira. Eti, "Dada, hiyo ni sanaa. Kwani jina lako limetajwa wapi?" Jamani! Na sasa anataka kuipeleka Ruangwa, kwa watu waliomzika mume wangu. Nimemwomba amwambie mama mkwe kwamba maneno yale aliyatunga. Amekubali, ila kwa sharti nisimzuie kuionyesha.

Jana mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu aliondoka na maneno yale?" Nikasingizia mboga inaungua, nikakimbilia jikoni. Mama huyu alinipikia eda nzima, hakuwahi kuninyooshea kidole. Nikikana maneno yale, namdanganya mama aliyefiwa na mwanawe. Nikikiri, sijui mimi na wanangu tutalala wapi.

Nishaurini, ndugu zangu. Mama mkwe ameenda shamba, akirudi ataniuliza tena. Nimjibu nini?