Mguu Mwepesi Juu ya Breki

Mafuta ya breki yana harufu ambayo sijawahi kuipatia mfano wa haki: utamu kidogo, ukali kidogo, kama samaki aliyemwagiwa dawa ya kikohozi. Juzi nilipita karibu na gereji moja Bordesley Green, huku ughaibuni tunakoishi, harufu hiyo ikanivaa, nikajikuta nina miaka tisa tena, nimeketi kwenye kiti cha dereva mtaani kwetu Stechford, ukingoni kabisa, ili mguu ufike chini.

Lori lilikuwa la baba. Siku za juma alitunza wazee, na Jumamosi aliwahamishia watu vyombo kwa lori hilo kuukuu, lililonizidi umri kwa miaka mingi. Mama alikuwa akisema linakohoa kama mvuta kiko. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Papa Furaha, rafiki yake baba kutoka Bukavu, ambaye baada ya kungoja sana alikuwa amepata nyumba ya kuwatosha watoto wake. Vitanda na friji vilikuwa tayari vimesogezwa mlangoni kwake.

Shida ilikuwa pedali ya breki. Tangu katikati ya juma ilikuwa laini, kama kukanyaga mkate. Baba alikuwa ameshatoa hewa, inayolegeza pedali, kwenye mabomba ya mafuta. Alikanyaga mara tatu kwa haraka, pedali ikasimama imara, akaridhika.

"Iko sawa, Papa Furaha. Twende tupakie."

Papa Furaha hakusogea. Aliwahi kuendesha malori kwenye milima ya kwao. Alitazama kikopo cha mafuta ya breki, kilikuwa kimejaa. Akazunguka magurudumu yote manne akipapasa kwa ndani, vidole vikatoka vikavu.

"Mafuta haikupunguka, inje iko kavu, hewa ulishatoa," alisema. "Sasa hii ulaini inatoka wapi?"

Swali hilo lilinikamata. Nilikuwa mtoto wa kufungua saa za watu nione kilichomo. Nikaomba nijaribu mimi. Baba alisita, lakini Papa Furaha alikuwa ameshaweka mawe mbele ya magurudumu.

"Papa Neema," alimwambia baba, akimwita kwa jina langu, "mguu yako iko na nguvu sana. Acha huyu." Kisha akanigeukia. Kwao hata binti mdogo huitwa mama. "Mama, kanyaga polepole. Weka tu mguu, ubakie hapo."

Niliweka. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama. Nikangoja. Halafu, chini ya soli, nilihisi kitu kikiondoka taratibu, kama mtu anapokuvuta shuka kutoka upande wa pili wa kitanda.

"Iko inashuka ao imesimama?" Papa Furaha akauliza.

Nilijibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku, kwamba inashuka. Baba akasema labda nimeongeza nguvu. Nikamwambia sijaongeza. Akaja akapiga magoti barabarani, akaweka kiganja chake juu ya kiatu changu, na pamoja tukaisikia ikizama hadi sakafuni.

Papa Furaha akatueleza. Ndani ya masta silinda, ule mtungi unaosukuma mafuta kwenda magurudumuni, raba zilikuwa zimechoka. Ukikanyaga kwa nguvu zinatanuka na kuziba. Ukikanyaga kwa upole, kama mtu anayengoja kwenye taa, mafuta yanapenya pembeni yake na kurudi yalikotoka. Ndiyo maana halikudondoka hata tone.

Nilimwangalia baba nikitarajia sifa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, akiitazama lami. Kisha akainuka, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Leo hatuhami. Nisamehe, ndugu yangu."

"Tulishangoja mingi," Papa Furaha akajibu. "Nyumba haitakimbia." Akaondoka kwa miguu kwenda kuwaambia wanawe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alinuna kwa sababu mtoto aliona asichokiona yeye. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima, nikiteremka kilima na binti yangu amesinzia kiti cha nyuma. Nilikumbuka kwamba tangu pedali ilipolegea, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, baba alinipeleka shule kwa lori lile lile, mimi kando yake nikiimba. Pale ukingoni mwa barabara hakuwa amenuna. Alikuwa akiirudia akilini miteremko yote tuliyoshuka, mmoja baada ya mwingine.