Kunde na Simba wa Rukanga

Wiki jana binti yangu na babake walibishana hapa Voi kuhusu mbwa. Baba alimtaka Jamani Shefadi, mbwa kama wale wa polisi, wa damu safi, wa kuuzwa na mtu anayeonyesha picha za wazazi wake kwenye simu. Binti alikuwa ameshampenda mtoto wa mbwa koko aliyezaliwa nyuma ya kioski cha jirani. Wakaniuliza mimi ningemchukua yupi. Nilijikuta nikicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno hayohayo zamani, uani kwa bibi yangu, kule Rukanga chini ya mlima Kasigau.

Nililelewa na bibi, mamake mama. Tulikuwa wawili tu, mbuzi wachache, kuku wengi wasio na adabu, na mbwa wake jike aliyeitwa Kunde, kwa vile alikuwa na madoadoa ya kahawia kama kunde zilizoanikwa. Masikio yake yalilala, mkia ulijikunja, na miguu ilionekana kuazimwa kwa mbwa mfupi zaidi. Kazi yetu sisi watatu ilikuwa kulinda mahindi. Nyani walishuka mlimani mchana jua likiwa kali, wakidhani watu wamesinzia. Kunde aliwasikia kabla yetu. Alikuwa akibweka kwa mbali, akizunguka huku na huku bila kuwakaribia, na mimi nilikuwa nikipiga debe tupu mpaka mikono ife ganzi. Jioni tulikula kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na Kunde akapewa ukoko wa sufuria. Mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo ukipondwa moto, naona moshi wa jiko lile.

Kisha mjomba akaleta Simba. Mjomba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Voi, na meneja wake alipohama alimwachia Jamani Shefadi dume, kijana, mweusi mgongoni, masikio wima. Mjomba hakulala vizuri akimfikiria mamake peke yake na mtoto.

"Mama, huyu ni mbwa mwenye asili," alisema. "Babake na mamake wanajulikana."

Bibi akamtazama Kunde aliyekuwa amejilaza kivulini. "Hata huyu mamake namjua. Alikuwa akilala pale pale."

Simba alibaki. Lakini mvua za mwaka ule zilikuja kidogo zikakata, na Simba alikula kama mtu mzima. Bibi alimchemshia uji wa pumba za mahindi, naye akaumaliza na kutuangalia. Mjomba alipokuja tena aliona mbavu za mbwa wote wawili, akasema wazi kwamba chakula kile kingetosha mmoja. Kunde apelekwe kijiji cha Makwasinyi kwa watu wanaohitaji mbwa.

Bibi hakumkatalia. Alisema tu, "Ngoja nivune kwanza." Mimi nilienda kukaa nyuma ya choo nikalia, nikiwa nimemshika Kunde shingo. Simba alitufuata. Akaweka kichwa chake kizito juu ya magoti yangu, na sikuweza hata kumchukia.

Siku nyani walipokuja kwa wingi, mahindi yalikuwa yameanza kukauka. Kunde alibweka akizunguka kama kawaida. Simba hakujua desturi hiyo. Aliwakimbilia moja kwa moja, na dume moja kubwa likageuka. Niliona vumbi, nikasikia mlio ambao sikudhani unaweza kutoka kwa mbwa mkubwa vile. Ndipo Kunde, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkaribia nyani, alipoingia kwenye vumbi lile na kulivuta dume mguu wa nyuma. Bibi alifika na panga akipiga kelele kwa Kidawida, lugha ya kwetu, nyani wakapanda mlima.

Simba alikuwa amepasuka begani. Bibi alimwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akamfunga kwa kipande cha leso yake. Hakumsema mbwa kwa ujinga wake. "Hakufundishwa," aliniambia. "Angejuaje?"

Jumapili mjomba alikuja baada ya kanisa. Akamkuta Simba amelala ubavu, na Kunde anamlamba. Akavua kofia, akachuchumaa kulitazama lile bega.

"Sasa utafanyaje, Mama?"

"Kuku ndio watakaoondoka," bibi akasema. "Mbwa wanabaki."

Na kweli kuku waliuzwa karibu wote. Tulikaa muda mrefu bila kuonja yai. Mjomba naye akawa haji tena mikono mitupu, kila mara ana gunia la pumba begani.

Simba alipona akichechemea, akajifunza kubweka akiwa mbali. Baadaye Kunde akazaa watoto wenye masikio ambayo moja lilisimama na jingine likalala, na watu walipanda mpaka kwetu kuwaomba. Watoto hao walisambaa Rukanga yote, wengine wakafika Makwasinyi. Simba hakuishi sana. Kupe walimmaliza wakati wa kiangazi, na bibi mwenyewe ndiye aliyemchimbia kaburi, akatukataza kumsaidia.

Simba alipokuwa hai, jioni bibi alizoea kuwaita yeye na Kunde kwa pumzi moja, Kundesimba, kama jina la kiumbe kimoja, na wote wawili walikuja mbio wakipandana. Bibi alishazikwa. Shamba linalimwa na binamu yangu, na nyani sasa wanafukuzwa na kijana mwenye manati. Nilipopita kule mwaka jana niliangalia kila mbwa niliyekutana naye barabarani, nikitafuta sikio moja lililosimama. Sikuona hata mmoja. Binamu aliniuliza ninatafuta nini, na nikashindwa kumweleza, kwa vile alizaliwa wale mbwa wote walipokuwa wamekwisha.